Waliponishika Nisianguke

Siku ile mimi mwenyewe naikumbuka mwanzo na mwisho tu. Ya katikati nimesimuliwa na mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyekuwepo pale na aliyepigana na wanaume wawili kwa ajili yangu. Amenisimulia mara nyingi. Kila akisimulia nakasirika upya, na sijaona sababu ya kuacha kukasirika.

Wakati huo nilikuwa nauza samaki wa kukaanga na mihogo pale Somanga, kando ya barabara kuu iendayo Lindi. Kazi yenyewe ni ya kukimbia. Basi likisimama unakimbilia madirishani na sinia kichwani, basi likiondoka unarudi jikoni kugeuza samaki. Nilikuwa nimechumbiwa na kijana mmoja wa Kilwa Kivinje, seremala wa vitanda na milango, na harusi ilikuwa ifungwe baada ya msimu wa korosho, watu wakiwa na nafasi.

Kisha likajengwa soko jipya, na ikatangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja kulizindua. Kikundi chetu cha wanawake kilipewa kazi ya kuimba. Tukanunua khanga za sare, tukafanya mazoezi jioni kadhaa, na kusema kweli tulifurahi. Alfajiri ya siku yenyewe niliamka kukaanga samaki wa biashara, nikaacha chai, maana tuliambiwa tufike mapema. Maji pia sikunywa. Nilijua tukishapangwa mstarini hakutakuwa na ruhusa ya kwenda haja.

Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi alikuwa mfanyabiashara mmoja mwenye duka la mabati na saruji. Alitupanga mistari miwili kando ya lami, juani. Maturubai yalikuwepo, lakini chini yake viliwekwa viti vya wakubwa, na viti vilikuwa vitupu.

"Asiondoke mtu," alisema kwenye kipaza sauti. "Asikae mtu. Mgeni yuko njiani."

Mgeni alikuwa njiani asubuhi nzima. Kila gari likitokea upande wa Dar es Salaam tulianza kuimba, na kila likipita tulinyamaza. Bibi mmoja wa kikundi chetu alichuchumaa kidogo kupumzisha magoti. Mwenyekiti akamjia mbio: "Bibi, shikamoo, lakini tafadhali simama. Unaharibu mstari." Bibi akasimama.

Mimi nilikuwa nimesimama tuli, mikono kando, kama tulivyofundishwa. Kwanza nilipiga miayo, miayo isiyokwisha, nikashangaa kwa sababu sikuwa na usingizi. Kisha tumbo likanichafuka. Jasho likanitoka, na halikuwa jasho la jua, lilikuwa la baridi, likanilowesha mgongo na viganja. Nilimwambia mama mdogo aliyekuwa kulia kwangu, "Mama, sijisikii vizuri." Akasema, "Umepauka, mwanangu. Kaa." Nikataka kukaa. Mwenyekiti akanitazama. Nikasimama.

Sauti za watu zikaanza kwenda mbali, kama watu wanazungumza chumba cha pili na mlango umefungwa. Macho yakaingiwa na giza kutoka pembeni, giza likisogea katikati, mpaka nikabaki naona kipande cha lami tu. Mwanzo wangu unaishia hapo.

Mama mdogo anasema niliteremka taratibu, magoti yakakunjika. Ningefika chini salama. Lakini wakati huohuo ving'ora vikasikika, magari ya mgeni yakatokea, na mwenyekiti akapiga kelele: "Mnyanyueni! Mnyanyueni haraka, mgeni anashuka!" Vijana wawili wa kamati wakanidaka makwapani kabla sijagusa ardhi, wakanisimamisha. Kichwa kilikuwa kinaning'inia. Wakakishika nacho.

"Mlazeni!" mama mdogo akapiga kelele. "Mlazeni mtoto wa watu!"

"Mama, tulia. Mgeni."

Hawakunilaza. Mwili wangu ukakakamaa. Mikono ikaanza kurukaruka, macho yakapinduka, nikajikojolea khanga mpya mbele ya watu wote. Mtu mmoja, na sijawahi kujua ni nani, akasema ni kifafa, tafuteni kijiko, atameza ulimi. Kijiko kikaletwa kutoka kwa mama ntilie, wakakilazimisha katikati ya meno, na jino langu moja la mbele likakatika. Na hapo sasa ndipo mgeni rasmi alipopita. Mama mdogo anaapa kwa Mungu kwamba alisimama, akanitazama, akauliza, "Vipi huyu?" Na mwenyekiti akajibu, "Ni furaha tu, mheshimiwa."

Mgeni akatabasamu, akaendelea kupunga mkono.

Mama mdogo akamng'ata mmoja wa vijana mkononi. Ndiyo, alimng'ata, mtu mzima mwenye wajukuu. Kijana akaachia, nikaanguka ubavu kwenye mchanga, na papo hapo, anasema, damu ikanirudi usoni. Nikafungua macho. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wake, na cha pili ni khanga yake akiivua kunifunika kiunoni. Mdomoni nilikuwa na chembe za jino na ladha ya chuma.

Jioni ile neno lilikuwa limeshafika Kivinje. Kifafa. Barabara ina magari mengi na kila gari lina mdomo.

Nimezaliwa Kikole, na Kikole alikuwepo binamu yake mama aliyekuwa na kifafa kweli. Alikuwa na kikombe chake peke yake na sahani yake peke yake. Akianguka, watu walirudi nyuma badala ya kumsogelea. Alikufa motoni, jikoni, na msibani watu walisema ni bora amepumzika. Kwa hiyo nilijua vizuri neno lile linabeba nini.

Mama yangu mzazi akanipeleka zahanati. Mganga alituuliza maswali mawili. "Alitetemeka?" Mama akasema ndiyo. "Alijikojolea?" Mama akasema ndiyo. "Kifafa hicho," akasema, akaniandikia vidonge vya kumeza kila siku. Hakuuliza nilikuwa nimesimama muda gani wala kama nilikula, wala nani alikuwa amenishika. Nilijaribu kusema habari ya miayo na jasho, akasema, "Dada, kuna watu nje wanasubiri."

Vile vidonge vilinifanya mzito. Nilitembea kama mtu aliyebeba gunia la mahindi. Siku moja nilisinzia mbele ya karai la mafuta, mkono ukateleza, na kovu ninalo.

Haukupita muda mshenga akaja. Alikaa barazani na baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa anioze. Mimi nilikuwa ndani, dirisha wazi, na nadhani walijua nasikia. Walisalimiana kwa urefu, wakaulizana habari za nyumbani na za shamba. Kisha mshenga akasema:

"Wenzetu wanaona jambo hili lisimame kwanza."

"Lisimame mpaka lini?" baba mkubwa akauliza.

"Lisimame."

Mchumba wangu hakuja, hakupiga simu. Nilimwandikia ujumbe, nikaona umesomwa, nikangoja, nikaacha kungoja. Wateja wangu wa Somanga nao walipungua. Dereva mmoja niliyezoea kumuuzia samaki kila alipopita aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba abiria wanaogopa samaki wangu. Nikamuuliza kama kifafa kinaambukiza kwa samaki. Akasema, "Mimi najua hakiambukizi, dada, lakini watu..." Watu! Kila mtu alikuwa na watu wake wa kusingizia.

Na kulikuwa na wale waliosema si kifafa, ni jini, na ushahidi wao ulikuwa huu: "Mbona anasimama kutwa nzima kwenye biashara yake haanguki? Lile jini halikupenda ile sherehe." Kwa kweli swali lao lilikuwa swali zuri. Hata mimi nilijiuliza.

Vidonge vikaisha pale zahanati, wakaniambia nikachukue hospitali Lindi. Nikaenda peke yangu. Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa ndefu, ukumbi una joto, na sote tumesimama tumebanana. Nikapiga miayo. Nikaitambua ile miayo, moyo ukaniruka, nikasema hapana, si hapa. Nikashika ukuta, lakini ukuta haukunisaidia.

Safari hii nilianguka moja kwa moja mpaka sakafuni, kwa sababu Lindi hakuna aliyenijua wala aliyetaka kuficha aibu yangu. Nilipofungua macho, dakika haijapita, alikuwepo mwanamke amechuchumaa karibu yangu, vidole kwenye mkono wangu, na mzee mmoja alikuwa ameninyanyua miguu juu kama alivyoagizwa. Mwanamke yule alikuwa daktari, alikuwa anapita tu kwenda wodini. Watu walitaka kuniinua akawaambia, "Mwacheni. Alipo ndipo pazuri."

Sikutetemeka wala sikujikojolea. Nilimsikia akimwambia muuguzi kwamba mapigo yangu yalikuwa machache mno, na sasa yanarudi.

Alinipeleka chumbani kwake. Akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote: "Kabla hujaanguka, ulisikia nini?" Nikamwambia yote, miayo, tumbo, jasho, sauti kwenda mbali, giza la pembeni. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani yake. Akaniuliza na habari ya Somanga. Nikampigia mama mdogo simu, nikamkabidhi daktari. Alizungumza naye kwa muda, na kupitia simu nilisikia mama mdogo akilia.

Kisha akanipima. Kwanza nililala kitandani, akanivisha kile kitambaa cha presha mkononi. Akanipima moyo kwa mashine, mistari ikatoka, akasema moyo wenyewe ni mzima. Kisha akanisimamisha nimeegemea ukuta, akaniambia nisitikise miguu, naye akawa ananipima tena na tena. "Ukisikia vibaya sema. Kitanda kiko hapa." Mwanzoni moyo ulikuwa unaenda mbio, presha iko vilevile. Tukakaa hivyo kwa kitambo. Ghafla nikapiga miayo. Akatazama mashine, akasema "Haya," akanilaza kabla giza halijafika.

"Umeona?" akasema. "Hukujifanya. Ni mwili."

Akanieleza, na nitayaandika maneno yake kama nilivyoyaelewa. Mtu akisimama, damu inateremka miguuni na tumboni kwa uzito wake. Ingebaki huko, kila mtu angezimia kila asubuhi akitoka kitandani. Lakini kwenye mishipa mikubwa ya shingoni, na kwenye ule mkubwa unaotoka moyoni, kuna sehemu zinazohisi msukumo wa damu. Msukumo ukipungua, zinapeleka habari kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu, na ubongo unajibu hapohapo: mishipa ya damu ijibane, moyo uongeze mwendo. Sisi hatujui kitu, tunasimama tu tunapiga soga.

"Sasa wewe umesimama tuli, juani, hujala, hujanywa maji," akasema. "Damu inazidi kujaa miguuni. Moyo unakimbia, mishipa inajibana, mwili unahangaika. Halafu kwa watu wengine inafika mahali amri inageuka. Mishipa iliyojibana inalegea yote kwa pamoja, na moyo uliokuwa unakimbia unapunguza mwendo. Presha inaporomoka. Ubongo uko juu kabisa, damu haifiki. Unazimia."

"Mbona kwenye biashara sianguki?"

"Unatembea. Misuli ya miguu ikifanya kazi inaikamua damu kurudi juu. Usimame kama mlingoti, hakuna wa kuikamua."

"Na dawa yake?"

"Kulala chini. Ukilala, moyo na ubongo viko sawasawa, damu inafika bila kupanda. Ndiyo maana mtu akizimia hivi na kuanguka, anaamka upesi. Kuanguka kwenyewe ndiko kupona."

 Nadhani aliona ninachokitafuta, akakingoja.

"Sasa wale walionishika Somanga?"

 Akakunja kile kitambaa cha presha polepole. "Walikunyima kitu kimoja tu ambacho mwili wako ulikuwa unakiomba," akasema. "Ubongo ukikosa damu muda mrefu, mwili unakakamaa na kurusharusha viungo. Si kifafa. Ni ubongo unaokosa hewa kwa sababu umesimamishwa. Hata mimi ukinizimisha ukanisimamisha, nitatetemeka."

Watu wengi wanadhani mgonjwa akiambiwa hana kifafa anafurahi. Mimi sikufurahi. Nilikaa kwenye kile kitanda nikasikia hasira ikinipanda kutoka miguuni. Jino langu, mkono wangu ulioungua, khanga iliyolowa mbele ya kijiji, miezi ya kutembea nikisinzia, na mchumba, vyote hivyo vilitokana na watu waliokataa nilale kwenye mchanga. Sikuwa na ugonjwa wa kuogopwa. Nilikuwa na mwenyekiti.

Daktari akanipangia kuacha vidonge kidogokidogo, akasema visikatwe ghafla. Akanifundisha nikisikia miayo nikae, popote nilipo. Kama siwezi kukaa, nipishanishe miguu, mmoja mbele ya mwingine, nikaze mapaja na makalio, nikunje ngumi nivute mikono. Ninywe maji ya kutosha, nisiogope chumvi.

Niliporudi Somanga sikupita nyumbani. Nilishuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja dukani kwa mwenyekiti. Alikuwa amekaa juu ya mifuko ya saruji.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu nimelelewa.

"Marahaba, binti. Hujambo? Tunakuombea sana."

"Sina kifafa. Nimepimwa Lindi. Daktari amesema nilizimia kwa kusimamishwa juani, na nilitetemeka kwa sababu mlinishika nisianguke."

Akacheka kidogo, cheko la kutafuta njia. "Binti yangu, sisi tulikusitiri. Mwanamke anaanguka mbele ya mgeni, khanga zinafunguka, hiyo ni aibu ya kijiji kizima."

"Nilijikojolea nimesimama mikononi mwenu. Mlinivunja jino. Hiyo ndiyo stara?"

"Tulifanya kwa nia njema."

"Mlisema ni furaha."

 Mteja akaingia kuuliza misumari, na mwenyekiti akamgeukia kwa haraka kuliko nilivyowahi kumwona akimgeukia mteja yeyote. Nikasimama pale, nikamngoja. Akapima misumari, akafunga, akapokea hela, akaingia stoo. Hakutoka. Hajaniomba radhi mpaka leo, na tukipishana njiani anauliza hali ya mama yangu.

Aliyeniomba radhi ni mmoja wa wale vijana, yule aliyeng'atwa. Alikuja jikoni kwangu mchana, akasimama mbali. "Dada, mimi niliambiwa shika, nikashika," akasema. Nikamwambia hilo ndilo tatizo. Nikamwambia siku nyingine akiona mtu anaanguka na hajaumia, amwache aende chini, amnyanyue miguu, aondoe watu. Akasema amesikia. Kumkasirikia yule nilishindwa.

Habari njema nayo ina magari yake. Mshenga alirudi. Safari hii alikuja na mama wa mchumba wangu mwenyewe, na halua ya Kivinje, na kicheko. Mama huyo akanikumbatia. "Kumbe haikuwa kifafa, alhamdulillahi!" akasema. "Tulikuwa na wasiwasi tu, mwanangu. Wewe ungekuwa mama ungeelewa."

Chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Mama yangu alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Na ingekuwa kifafa?" nikauliza.

"Tunashukuru haikuwa."

"Nimekuelewa, mama. Nauliza, ingekuwa?"

Akamtazama mshenga. Nilikuwa namfikiria yule binamu wa Kikole na kikombe chake. Nilikuwa nimetumia wiki nzima nikiwaambia watu "sina kifafa, sina kifafa", kama vile angekuwa nacho mtu mwingine wangekuwa na haki ya kumtenga. Nikaona haya kwa jinsi nilivyokuwa nalitamka neno lenyewe.

"Shukrani kwa kuja," nikasema. "Lakini hapana."

Baba mkubwa alitoka nje bila kuaga. Mama alilia, akasema nimemdhalilisha. Siku ya pili mchumba mwenyewe akapiga simu, sauti ya chini. "Ni mama ndiye aliyekataa," akasema. "Mimi sikuwa na neno."

"Ulikuwa na simu," nikamwambia. "Ulikuwa na miguu. Kivinje na Somanga si ng'ambo ya bahari."

Akasema nina hasira sana siku hizi. Nikamwambia ndiyo, nikakata.

Mama alinisusia kwa muda, kisha akachoka. Jumamosi moja tulikuwa tunapaa samaki pamoja, akasema bila kunitazama, "Samehe, mwanangu. Hasira inaupa moyo kazi." Nikamjibu kwamba moyo wangu umepimwa, ni mzima, unaweza kazi. Akataka kukasirika, akacheka. Akanisogezea beseni, akasema pia kwamba basi la saa tano limepiga honi, niwahi na sinia.